Orodha ya Watu Ishirini na Watatu

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekuwa katibu wa mtaa! Mimi, niliyeacha shule nikaenda kushona soksi kiwandani! Mama Kuwabata, katibu aliyepita, kahamia Sendai jana na mumewe. Kagawa taulo za kuagia kila nyumba, kainama mpaka nikamwonea huruma mgongo. Nimeshawatangazia wote: wamehama nyumba nzima, na bibi yao pia. Mwenyekiti Nishiwaki kasema aliyehama hakai kwenye kundi la simu, nimtoe. Nikabonyeza — katoka! Kazi yenyewe ndiyo hii?

Jumatano, 3 Septemba

Makubwa! Kimbunga kinakuja Ijumaa na faili zetu za mtandaoni hazipo. Hata orodha ya wazee wa kufuatwa majumbani na kupelekwa shuleni, mto ukijaa! Za karatasi tulizichanachana wenyewe mwezi wa nne, eti tunakwenda na wakati.

Nikampigia Mama Kuwabata. Kumbe faili alizifungua kwa jina lake. Alipoona katolewa, akafuta zote. Adabu hiyo! Anayeondoka haachi taka nyuma, wala habebi siri za wenzake. Kaomba radhi mara kumi. Anachokumbuka, majina yalikuwa ishirini na matatu. Akataka kuongeza neno — nikamwambia usijali mama, wazee wa hapa nawajua mmoja mmoja! Nikakata.

Alhamisi, 4 Septemba

Nishiwaki kafungua faili mpya, safari hii kwa jina la mtaa, si la mtu. "Haya, redio ya mtaa, sema."

"Nyumba ya kona, Mzee Tokunaga. Goti bovu, na mkewe hamsemeshi tangu mwaka mpya, kisa —"

"Mama Sumie, jina tu!"

"Jina bila habari halitoki!"

Akacheka, akaandika. Mwaka mzima ananisimanga kwa umbea, leo umbea ndio faili! Ishirini na wawili, bila kutazama popote. Akauliza wa ishirini na tatu. Nikamwambia Mama Kuwabata kahesabu vibaya.

Ijumaa, 5 Septemba, saa tisa alasiri

Mvua haishikiki. Wazee ishirini na wawili wako shuleni, wanakula matonge ya wali na kulalamikia chumvi. Nilikuwa natamba!

Mama Iwase wa duka la tofu akaniuliza, "Hivi kwa Kuwabata si wamehama? Juzi godoro la nani lilianikwa pale?"

Nimeikamata simu.

Nani alisema bibi naye kahama? Mdomo huu huu. Hakuna aliyeniambia. Nilijisemea tu, na mtaa mzima ukaamini.

Simu ya Mama Kuwabata inaita tu. Nyumba yao ndiyo ya mwisho, ukingoni mwa mto. Nishiwaki anawasha gari, kanipigia kelele kutoka mlangoni: "Bibi mwenyewe anaitwa nani? Tutamwita vipi kwenye upepo huu?"

Miaka ishirini namsema yule bibi. Jina lake sijawahi kuuliza. Nimejaza namba ishirini na tatu, mbele nimeacha wazi. Buti zangu ziko wapi? Nakwenda naye!