Njiti Ndani ya Swichi

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya kukata masikio. Nimezunguka tena njia ya ndani, kupitia Kabete, kwa kuogopa kipande kimoja cha lami. Nekesa kafika kazini Spring Valley akiwa amechelewa dakika ishirini. Hakulalamika. Aliuliza tu kwa nini siku hizi barabara kuu inanishinda. Nikasingizia polisi. Hao hawakosi kazi, hata kwenye uongo wa watu.

Nekesa ni mke wa Enos, mdogo wangu. Wengine husema mjane. Kalamu yangu bado inakataa.

Ufunguo umetoka wenyewe mara mbili. Mara ya pili nilikuwa Kilimani, nimembeba mteja. Kishada chote kikadondoka juu ya tangi, nikakidaka. Injini ikaendelea kunguruma. Funguo ziko mkononi na pikipiki inatembea. Mteja alicheka sana. Mimi nilihisi kuna mtu mwingine anayeiendesha.

Jumanne, 3 Juni

Askari wa geti la kazini kwa Nekesa kaniwashia pikipiki kwa ufunguo wa kufuli lake. Utani tu. Swichi imelika hivi kwamba inakubali chuma chochote. Akaniambia niipeleke kwa fundi kabla haijaibwa. Nikasema wiki ijayo. Nimekuwa nikisema wiki ijayo tangu Aprili.

Sababu naijua. Niandike tu, daftari halina mdomo. Fundi akifungua swichi atakuta njiti ya kiberiti. Mimi ndiye niliyeiweka.

Pikipiki ilikuwa yetu wawili. Enos asubuhi, mimi kuanzia saa nane. Swichi ilipoanza kulegea tulikubaliana niipeleke mjini Ijumaa, ibadilishwe. Ijumaa hiyo kulikuwa na mpira. Nikavunja njiti, nikaisukuma ndani ya tundu kwa ncha ya kisu, ufunguo ukakaza vizuri. Hapa stejini tunapongojea wateja karibu kila mtu amewahi kufanya hivyo. Nikamwambia Enos nimeweka mpya. Akaujaribu, akauzungusha, akafurahi. Akasema, "Asante bro. Sasa naweza lala."

Jumatatu iliyofuata mvua ilinyesha. Pale barabara ya pembeni inapoingia kwenye kuu, hapa Kinoo, injini ilimzimikia. Lori la mchanga lilikuwa nyuma yake. Pikipiki iliangukia changarawe, ikapinda usukani tu.

Alhamisi, 5 Juni

Mama anayechoma mahindi pale barabarani aliona kila kitu. Siku ile alisema Enos alikuwa ameinamisha kichwa, anashughulika na kitu mbele yake. Ndiyo hayo tu aliyosema. Watu wakajimalizia wenyewe: simu. Alikuwa anaangalia simu. Mpaka tunafika mazishini, ilikuwa imeshakuwa kweli.

Mimi nilijua ni nini alichokuwa akishughulika nacho. Nilikaa kimya nikabeba jeneza.

Leo Nekesa kanipa simu ya Enos. Kioo kimepasuka, haiwaki. Ameiweka kwenye mfuko wa unga tangu Aprili. Anataka niipeleke kwa fundi mjini ifunguliwe. Aliongea akiwa ananiangalia viatu. "Shem, unijulie tu alikuwa anaandikia nani. Sitakasirika. Nataka tu kujua jina."

Kumbe hayo ndiyo anayolala nayo. Si kifo tu. Anadhani kulikuwa na mwanamke.

Nikasema sawa. Nikaiweka mfukoni. Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, 7 Juni

Sikuenda mjini. Siku nzima simu yake iko mfuko wa kushoto wa koti, na kishada chake cha funguo kinagongagonga mbele yangu. Ufunguo wa pikipiki, na ufunguo wa nyumba yake. Ndiyo, bado ninatembea na ufunguo wa nyumba ya marehemu. Nekesa hajaudai. Nami sijaurudisha.

Kila nikiwasha naisikia sauti yake. Sasa naweza lala. Si ndoto. Ni mchana, jua limetoka, niko Kilimani kati ya magari na naisikia. Nimeanza kuwasha kwa kuikanyaga mashine huku nikipiga mluzi ili nisiisikie. Wenzangu wanadhani nina furaha.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani mhubiri kazungumzia simu na vijana wa bodaboda. Hakutaja jina. Akasema, "Tulikuwa na mmoja hapa kati yetu." Vichwa vyote vikageuka. Nekesa akaangalia sakafu, akachezea mkanda wa mkoba hadi nyuzi zikaanza kutoka.

Nilitaka kusimama. Miguu ilikuwepo. Sikusimama.

Baada ya ibada akaniuliza kama fundi wa simu amesema chochote. Nikamwambia foleni ni ndefu.

Jumatatu, 9 Juni



Nekesa aliamka na msimamo. Mwajiri amemwonya kuhusu kuchelewa. Akasema leo tunapita barabara kuu, au ashuke atafute mtu mwingine. Nikapita. Tulipofika pale pale, nikitoka barabara ya pembeni kuingia kuu, ufunguo ukajigeuza. Taa zikazima. Injini kimya. Basi nyuma yetu likapiga honi ndefu.

Nikainamisha kichwa, nikaukamata ufunguo, nikaupinda huku na huku. Nyuma yangu Nekesa akapiga kelele, "Weka simu chini! Hata wewe?"

Basi likatupita, upepo wake ukatusukuma. Tukajikokota kwa miguu hadi kwenye changarawe. Nikainua mikono yote miwili ili aone. Hakukuwa na simu. Kishada kilikuwa kinabembea kwenye kidole changu.

Aliangalia mikono yangu. Akaangalia swichi. Akatazama barabarani, pale mahali, kwa muda mrefu. Mama wa mahindi alikuwa anapuliza makaa, hakutuona. Nekesa akauvaa mkoba wake begani. Akavuka akapanda gari la kuelekea Westlands.

Nimebeba mke wa ndugu yangu kila asubuhi kwa miezi miwili juu ya kitu kilichomuua ndugu yangu. Kwa sababu ya aibu. Hakuna jina lingine.

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda. Nimeiendesha polepole, mkono mmoja juu ya ufunguo, kupitia Ngara hadi Barabara ya Kirinyaga kwenye maduka ya vipuri. Nikapata fundi mmoja mzee, miwani imefungwa kwa uzi.

Akaitoa swichi, akaigonga kwenye meza. Ikatoka poda ya shaba, mchanga kidogo, na nusu ya njiti. Kichwa chake bado chekundu. Haikuwahi hata kuwashwa.

Akaishika kwa koleo. "Nani aliweka kiberiti huku ndani?"

Nikasema niliinunua hivyo.

Akaichunguza, akanieleza taratibu, kama mtu aliyeeleza mara nyingi. Njiti hukaza siku mbili tatu. Halafu hulowa, huvunjika, kipande kinasukuma ndani na kuirudisha swichi kwenye kuzima. Kishada kizito kinamalizia kazi. Akauliza kama imewahi kunizimikia barabarani. Nikasema mara moja. Akatikisa kichwa. "Basi aliyekuuzia hakukupenda."

Nikatoka nje kidogo, nikajifanya napokea simu.

Swichi mpya imefungwa, ina funguo mbili mpya. Ukiuingiza unasikia umekaa. Wa zamani sasa hauwashi chochote duniani. Fundi alitaka kuitupa njiti nikamwambia anipe. Akanishangaa. Nimeifunga kwenye kipande cha gazeti.

Simu ya Enos nimerudi nayo vile vile.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda kwa Nekesa saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameteleka maji ya ugali, mboga imeshaiva. Sufuria ilikuwa ile kubwa. Alikuwa amenihesabu.

Sikukaa. Nikaweka vitu vitatu mezani: simu, ufunguo wa nyumba yake, kile kigazeti. Nikakifungua. Nikamwambia kila kitu kuanzia Ijumaa ile. Kwamba Enos hakuwa anaandikia mtu. Kwamba alikuwa anapigana na ufunguo. Kwamba alidhani swichi ni mpya kwa sababu mimi nilimwambia ni mpya. Kwamba nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, na nikamwacha aitwe mzembe, na nikamwacha yeye atafute jina la mwanamke asiyekuwepo.

Nilitegemea alie. Au anipige, ningeshukuru. Maji yalichemka hadi yakamwagikia jiko na Nekesa hakuinuka.

Hatimaye akauliza jambo moja. "Hiyo Ijumaa, ilikuwa mechi gani?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Sikumbuki. Sikumbuki timu, sikumbuki nani alifunga, sikumbuki hata kama nilikaa hadi mwisho. Nikamwambia sikumbuki.

Akainuka, akapunguza moto. Akasema akiwa amenipa mgongo, "Leo usikule kwangu."

Nikatoka. Miaka tisa tangu waoane sijawahi kutoka nyumba hiyo na njaa.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya pili hajapanda kwangu. Jana alipita mbali na steji, nadhani alipanda gari. Nilikuwa nimefika saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, injini inaunguruma, kiti cha nyuma kitupu.

Sauti ya Enos haijaja tangu Jumanne. Ni kimya kabisa ninapowasha. Sikutegemea kwamba kimya kingekuwa kibaya zaidi.

Leo saa nne alikuja stejini. Tangu mazishi hakuwa ameongea nasi wote. Alianzia kwa mama wa mahindi, wakaongea kidogo, mama akawa anaonyesha kwa mkono, akiinamisha kichwa chake. Kisha akatufuata sisi. Tulikuwa watu kama kumi. Akasalimia. Akasema ana jambo dogo tu.

"Enos hakuwa na simu mkononi. Mambo ya simu yaishe."

Hakunitaja. Hakuniangalia hata. Akageuka aende, na mmoja wetu akauliza, kwa heshima kweli, kama si simu basi ilikuwa nini. Nekesa akasimama, mgongo kwetu.

Angeweza kunimaliza pale. Aliniachia mimi.

Nikasema ilikuwa swichi. Nikasema niliijaza njiti nikamdanganya ni mpya. Nilisema kwa sauti ya kusikika, mbele ya watu ninaokula nao. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenishika bega pia. Katibu wa steji akavua kofia, akaivaa tena. Mmoja alitembea hadi kwenye pikipiki yake, akainama, akaanza kuchokoa kitu kwenye swichi kwa ncha ya sindano.

Nilipogeuka Nekesa alikuwa ameshaondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua. Wateja wawili tu. Katibu kaniambia mhubiri ameshapata habari. Sijui nani kampelekea. Vizuri.

Nimekula mkate.

Jumatatu, 16 Juni

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mahali pangu. Sikuwa namngojea mtu. Au nilikuwa namngojea.

Akaja amevaa koti la Enos, lile la mvua, mikono imekunjwa mara mbili. Akasema shemeji umeamkaje. Nikajibu vyema. Akapanda. Akaweka mkoba katikati yetu kama ilivyo kawaida yake. Hakusema tupite njia gani. Nikafuata ya lami.

Tulipofika pale, nikasimama kabla ya kuingia kuu, nikangoja magari yapungue. Nilihisi akisogea. Mkono wake ukapita ubavuni mwangu, ukaenda mbele hadi kwenye ufunguo. Akaushika. Akautikisa. Akautikisa tena, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu mlango aliokwisha kuufunga.

Swichi ni mpya, ufunguo usingetoka. Sikumwambia. Nilimwacha ajaribu mpaka aridhike.

Mkono ukarudi.

"Twende," akasema.

Nikaangalia nyuma, nikaingia barabarani. Amefika kazini mapema.