Jina Nililosema Nimeliona

Papa Willem,

Wiki ya saba sasa tangu tukuzike, na bado niko katika chumba chako cha kazi hapa mtaani Forest, nimekalia kiti ulichonikataza. Usinikasirikie, changu kimejaa karatasi za kitabu chako. Kimerudi kutoka kwa mchapaji ili kipitiwe mara ya mwisho, na binti yako Katrien anasema hakuna anayekijua kama mimi. Kila asubuhi ananipigia, kwa Kiswahili chake cha utoto wa Bukavu: "Alors, Furaha, tunaweza kutuma?" Kila asubuhi namjibu bado kidogo. Nimeanza kuogopa simu.

Nilikuja kwako kukuogesha na kukupa dawa, basi. Uliposikia natoka Bukavu, ulikofundisha ujana wako wote, juma halikwisha ulikuwa umenigeuza karani, maana macho yako yalikuwa yamekwisha. Mimi nisiyejua hata Ujerumani inaanzia wapi nikaanza kuishi na akina Olmerfeld, ukoo wa Kijerumani wa kitabu chako, watu waliokufa zamani za kale. Niliwajua kuliko majirani zangu. Konrad, wa kwanza wao, alimmiminia divai mkuu wa monasteri. Alikuwa na farasi na upanga, lakini hakuwa mtu huru, hakuweza hata kuoa bila ruhusa. Alipooa mtumishi wa bwana mwingine, watoto wao waligawanywa, huyu wa monasteri, huyu wa bwana yule. Siku hiyo niliacha kuandika nikaenda kulia jikoni. Ukanifuata ukigongagonga kuta kwa fimbo, ukasema, "Ma fille, ngoja kwanza. Mujukuu wake atakuwa comte." Na kweli, mjukuu alipewa ngome ailinde, akaoa binti wa mwisho wa ukoo mmoja wa watu huru, akarithi bonde zima, akawa bwana mwenye cheo, na tangu hapo watu wakawavulia kofia.

Hayo uliyaamini maisha yako yote. Wenzako wa chuo walisema hapana, Olmerfeld walikuwa mabwana tangu mwanzo, na walikucheka mpaka ukaacha kwenda kwenye mikutano yao. Kilichobaki kilikuwa ushahidi mmoja tu, orodha ya zamani ya watumishi wa monasteri, iliyoandikwa kwenye ngozi. Jina la Konrad likiwemo, umeshinda.

Picha ya ngozi hiyo ilifika wakati umelazwa hospitalini, Woluwe. Niliishika karibu na dirisha. Ukauliza, "Furaha, jina iko ao haiko?"

Papa, ngozi ilikuwa imeoza palepale jina lilipotarajiwa. Doa la kahawia, pana kama kiganja changu. Labda niliona K, labda nilitaka tu kuiona. Nikakutazama, midomo imekukauka, umeinua kichwa kutoka kwenye mto kama mtoto anayesubiri kuitwa. Nikasema, "Iko, Papa. Konrad, mustari ya tano."

Ulilia. Kisha ukacheka, ukaomba bia, muuguzi akakataa. Siku nne ukaniandikisha sura ya mwisho bila kusita, na siku ya tano ukaenda. Sijawahi kuona mtu anakufa ameridhika hivyo.

Sasa sura hiyo iko mbele yangu na inasema jina limesomwa. Ukurasa wa shukrani nao unasema: kwa Furaha, macho yangu. Nimenaswa pande zote. Nikisema ukweli, wenzako watakucheka hata kaburini. Nikinyamaza, siku moja atakuja mtu mwenye macho mazuri, ataliona doa, atasema Willem alitunga. Wewe uliyenifokea asubuhi nzima kwa sababu ya tarehe moja. Jumapili nilikwenda sokoni Gare du Midi nipate hewa, nikasimama mbele ya mihogo hadi dada aliyekuwa akiuza akaniuliza, "Unagonjwa, maman?" Nikasema ndiyo. Nikarudi hapahapa.

Nilikupenda, ndiyo maana nilidanganya. Na nina hasira nawe pia. Kila kitu ulikuwa unaniuliza mara tatu. Hilo uliuliza mara moja tu.

Leo asubuhi simu ilipolia sikusema bado kidogo. Nilimwambia Katrien yote. Nikamsikia anapenga kamasi. Halafu akasema, "Donc papa alikufa na uongo yako." Nikasema ndiyo. Akaniambia niandike mwenyewe chini ya ukurasa, kwa jina langu. Nimeandika: "Mahali hapa ngozi imeoza na jina halisomeki. Aliyesema linasomeka ni mimi, Furaha, na mwandishi hakuwa na macho ya kunipinga." Niliomba pia ile shukrani ifutwe. Katrien amekataa. Basi tutabaki humo, wewe na mimi na doa letu, kila atakayefungua kitabu atukute.

Lala, Papa. Ngozi yenyewe iko Ujerumani, ni treni mbili na basi, na nimekwisha omba likizo kazini. Nitaiangalia kwa macho yangu, siyo picha. Nikiliona jina nitakuja kaburini kukuambia. Nisipoliona nitakuja vilevile, na safari hii nitakuambia sikuliona.

Furaha