Aliyenifunga Koo

Jumatano, 9 Septemba 1964. Malaba.

Manyunyu tangu alfajiri. Kimea cha wimbi tulichoanika kwa ajili ya pombe ya Jumamosi kimelowa. Mama alikirudisha ndani bila kusema neno. Mimi pia sikusema neno, ila mimi nina sababu.

Koo limefunga tena. Chai ilifika nusu, ikarudi. Darasani niliwaandikia watoto kila kitu ubaoni.

Jumamosi wazee wa kwa Etyang wanakuja kuniposa. Watazunguka chungu cha pombe, mirija mirefu midomoni, kisha nitaitwa mbele yao niulizwe, "Wageni hawa unawafahamu?" Ni lazima nijibu mwenyewe, kwa sauti. Nikisema ndiyo, nimeolewa. Nikinyamaza, nimemwaibisha Baba mbele ya watu.

Etyang ni mtu mzuri. Naliandika hilo nisije nikajidanganya.

Mchana nilirudi hospitalini kwa Sista Agata, muuguzi. Wiki iliyopita alinimulika koo kwa tochi, akasema ni zima, na badala ya dawa akaanza kuniuliza mambo ya nyumbani. Nikajikuta namweleza habari za majina yangu. Kwetu Wateso bibi huchovya kidole katika pombe na kumtia mtoto mchanga mdomoni, huku akitaja majina ya waliotangulia. Jina ambalo likitajwa mtoto atanyonya ndilo lake. Mimi nilinyonya kwa jina la Amoit, aliyekaa boma moja mpaka kufa na hakuwahi kumkatalia mtu kitu. Kisha nikanyonya tena kwa jina la Aguti, dada yake, aliyekataa waume, akavuka mto, akauza tumbaku Tororo. Nyumbani naitwa Amoit. La pili halitajwi.

Leo Sista aliweka vigoda viwili.

"Hiki cha Amoit, hiki cha Aguti. Usimfukuze yeyote, mwalimu. Kila mmoja aseme anaogopa nini."

Niliona aibu. Mwalimu mzima kucheza kama watoto wa darasa la kwanza! Lakini nilikaa, nikaanza na cha Aguti, maana nilikuwa na hakika kwamba mkosaji ni yeye.

"Wewe ndiye unayemfunga mwalimu koo?" Sista akauliza.

Kinywa kikajibu kabla sijafikiri. "Mimi? Mimi Etyang nampenda. Ananichekesha."

Sista akacheka. Mimi nikaogopa.

Kisha nikahamia kigoda cha Amoit. Mhudumu aliingia kuulizia funguo, akatoka. Nikasema polepole: "Ni mimi. Nikiitoa hiyo 'ndiyo', nitaambiwa kila kitu na nitaitika kila kitu. 'Hapana' sijui inavyosemwa."

Ni Amoit. Yule mtiifu.

Naandika na bado sielewi. Miaka yote nimekuwa nikimchunga Aguti asije akaniharibia, kumbe mlangoni amesimama mwingine. Na je, hawa ni watu wawili kweli, au ni mimi tu nimechoka? Sista alisema nisiharakishe kujua. Nimuulize tu Amoit anahitaji nini.

Jioni nilimwendea Tata, bibi yangu, ambaye kidole kile kilikuwa chake. Nikamuuliza kama kweli nilinyonya mara mbili. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ulikuwa na njaa, mjukuu wangu! Maziwa ya mama yako yalichelewa. Ningetaja hata jina la mbuzi, ungenyonya."

Sasa sijui nishike la nani.

Nikiwa bado nimesimama pale, Mama aliniita nikasage kimea kilichokauka kando ya meko.

"Hapana, Mama. Leo sisagi."

Alisimama, ungo mkononi. "Ati nini?"

"Nimechoka. Hapana."

"Kumbe koo limepona," akasema, akapiga magoti kwenye jiwe akasaga mwenyewe, huku akinung'unika. Tata alikuwa akicheka bado.

Nusura nikamnyang'anye lile jiwe. Kisha nikamimina uji, nikanywa bakuli zima. Ukashuka wote.

Jumamosi sijui nitajibu nini. Najua tu kwamba yeyote kati yao atakayejibu, "hapana" amekwisha kuisema mara moja.

Nazima taa saa nne u nusu. Mama ameacha kusaga.