Simu ya Kapteni Imelia Ukumbini

Shosti, acha unachofanya usome. NIMELIPA KISASI.

Kapteni wa timu yetu, yule niliyemfundisha mimi kuandika programu, leo kanizuia mlangoni kwenye mashindano ya programu. "Sheria ni watu watatu, kompyuta moja. Nafasi yako nimempa mchumba wangu. Wewe ni wa akiba."

Mbele za watu! Wa akiba! Mimi!

Nikatulia kama maji mtungini.

Sasa sheria nyingine unaijua: simu ikilia ukumbini, timu nzima nje. Na Kapteni unamjua, simu yake haizimi hata msibani.

Nikakaa koridoni. Kupitia kioo nikaona wanafungiwa puto la swali la tano, maana kila swali ukilipatia unafungiwa puto mezani; wanaongoza, Kapteni anagongeana viganja na mchumba wake.

Nikapiga.

Ukumbi mzima uligeuka! Msimamizi kaichomoa simu kwenye begi la Kapteni, kasoma jina kwa sauti: "Nani huyu Wa Akiba?"

Yaani hata kwenye simu kanibadilisha jina!

Nikasukuma mlango. "Ni mimi, msimamizi. Nilikuwa nauliza kama nafasi imepatikana."