Mashine Ilisema, Baba Mdogo Akaiziba Mdomo

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko kambini ukiwa mzima, mgongo umetulia, na wenzako wa zamu wanakuachia walau nafasi ya kunyoosha miguu. Sisi hapa nyumbani tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya mapema mno.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ndugu yako amekupigia simu akilalamika kwamba nimemvunjia heshima mbele ya wakubwa zake, na unataka nikamwombe radhi. Baba, nimeusoma kwa hasira. Si wewe uliyenikasirisha. Wewe umesimuliwa nusu. Ngoja nikupe nzima.

Ni kweli Baba Mdogo ndiye aliyenipatia kazi ya kutunza kompyuta pale hospitalini, alipokuwa msimamizi wa utawala. Kompyuta ya chumba cha eksirei, inayohifadhi picha zote za wagonjwa, ilikuwa ikigandaganda, naye mwenyewe akaniagiza nitafute chanzo. Nikaiwekea programu ndogo ambayo sisi mafundi tunaiita wakala. Usicheke, si wakala wa kutuma fedha. Huyu anakaa ndani ya kompyuta akiipima kila mara, joto lake, kumbukumbu yake, hali ya diski inayobeba picha, kisha anatuma vipimo kwenye kompyuta ya mezani kwangu, navyo vinachorwa kama mistari. Kipimo kikivuka mpaka, ujumbe unaingia kwenye simu yangu na ya Baba Mdogo. Kazi hiyo ilinitoa jasho, maana nilikosea kuandika anwani, vipimo vikawa vinapotelea kusikojulikana. Mistari ilipoanza kutokea nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Furaha yenyewe haikudumu. Wakala alionyesha diski inakufa, sehemu mbovu zinazidi kila kukicha. Nikamwendea Baba Mdogo, nikamwomba tusimamishe mashine kidogo tu nihamishe picha. Akakataa, akasema foleni ya wagonjwa haiwezi kusimama kwa ajili ya michoro yangu. Nikarudi tena. Safari hii akaninyooshea simu yake usoni, akasema jumbe zile zinamkera hadi vikaoni, nizizime mara moja. Halafu akaniuliza, mbele ya katibu wake, kama nimeajiriwa kutunza mashine au kuitabiria kifo. Wakacheka wote wawili. Nikazizima kwenye simu yake. Kwenye yangu nikaziacha.

Wiki ileile diski ikafa. Picha zote zikaenda nayo, na hata mafundi walioitwa kutoka nje wameshindwa kuzirudisha. Unajua ndugu yako alifanya nini? Alimwita mpiga eksirei, yule dada mpole tunayemtania kwa jina la Taratibu, akamwambia amechomoa waya ovyo na asionekane tena pale. Dada wa watu akatoka analia, koti la kazi bado liko mwilini. Kisha akaniita mimi, akafunga mlango, sauti ikawa ya kifamilia ghafla: "Mwanangu, kwenye kikao cha mganga mkuu sema wakala wako hakuonyesha kitu. Mimi na baba yako tumenyonya ziwa moja."

Sikusema hivyo. Mganga mkuu alipouliza, nilisimama nikaeleza yote, nikazisoma na zile jumbe kwa sauti. Baba Mdogo akaniita mtoto nisiye na adabu. Taratibu amerudi kazini, Baba Mdogo ameondolewa kwenye utawala, na mimi shangazi zangu hawapokei simu yangu. Haya ndiyo matusi niliyomtukana.

Sasa nikuambie alilokuficha. Mama anaumwa, Baba. Ana uvimbe kifuani. Alipigwa picha palepale, akatukataza tusikuambie, usije ukaacha mkataba katikati. Jana nimembembeleza hadi amenipa ruhusa. Daktari alitaka kulinganisha picha za mwanzo na mpya, ajue uvimbe unakua au umetulia. Sasa hana cha kulinganisha. Tunaanza upya, tunasubiri. Na Baba Mdogo alijua! Yeye ndiye aliyempeleka Mama kwa gari lake, akamshikia mkoba mlangoni. Aliponiamuru nizime jumbe, alijua fika picha za shemeji yake zimo kwenye mashine ile.

Kwa hiyo radhi siombi. Ukiona nimekosa, utanihukumu ukifika. Lakini njoo, Baba. Mama anasema usije, na anasema hivyo huku ameugeukia ukuta.

Wadogo zangu wanakusalimu sana. Wao bado hawajui, kwa hiyo salamu zao ni za furaha. Wasalimie wenzako wa zamu, na Mungu akushike mkono njiani.

Ni mimi, kifungua mimba wako.