Chombo Hugeuzwa kwa Ajili ya Mtu Mmoja

Maharage yako jikoni, yapasheni moto. Rimoti nimeondoka nayo, msijisumbue kuitafuta.

Mwanangu, asubuhi umenicheka mbele ya mkeo na wanao: eti mvi zote hizi, bado nakodolea macho tamthilia ya watu wa kwenye roketi! Haya, nikwambie kwa nini siwaachi miaka yote hii. Mle, hata mpishi akisahaulika kwenye sayari, nahodha hugeuza chombo kumfuata. Jana mimi mlinisahau kliniki mpaka mlinzi akafunga geti. Nikarudi kwa miguu, na goti hili bovu.

Leo nimeitwa tena kulekule. ~~Mnifuate saa kumi.~~ Msinifuate. Tuone nani atageuza gari.

Mama yako