Honi ya Baba Kwenye Kona

Kambi ya Matengenezo ya Barabara,
Juu Mlimani.
14 Juni

Mpendwa Kitindamimba,

Hujambo wewe, na wifi hajambo? Mapacha wameshaota meno? Sisi ni wazima, ila magoti ya mama hayapatani na baridi ya huku.

Uliniuliza kwa nini mlima wetu unakula asubuhi nzima. Lori lenye mzigo hupanda kwa gia ya kwanza, na nyuma yake hakuna pa kupita: huku mwamba, kule korongo. Kushuka nako ni polepole, maana anayeachia gari huunguza breki. Mmoja akizimikiwa, wote tunalala hapo.

Hayo nayaelewa, ndiyo kazi yangu ya kushika bendera. Inayonishinda ni kona ambapo lori la baba lilitumbukia korongoni.

Unakumbuka honi yake pale, fupi mbili na ndefu moja, hodi yake kwa mama, maana nyumbani husikika. Madereva wenzake sasa huipiga vilevile kwa heshima ya marehemu. Mwamba huirudisha. Aliyepiga hudhani kuna lori linashuka, husimama kulipisha. Halitokei. Wa nyuma naye hupiga. Jumanne foleni ilifika darajani, dereva mmoja akanifokea, "We dada, kwani unatoza ushuru wa mizimu?" Nikacheka. Kisha honi ikajibu ilhali hakuna aliyepiga. Hilo sijaliandika hata kwenye shajara yangu.

Kila honi ikilia, mama huitikia "Karibu!" na kuinjika chai. Usingizi hapati. Nilimweleza habari za mwangwi. Akasema, "Wewe eleza tu, mwanangu. Magari yale yanampisha baba yenu." Ndiyo maana hataki kuhamia kwako. Ataondokaje na mtu yuko njiani?

Basi ukija kumchukua, usipige honi pale. Nitakuwepo na bendera, nitakufungulia njia. Egesha kambini, uje kwa miguu. Gonga mlango kwa mkono, upige hodi kwa sauti yako. Nataka safari hii akisema karibu, pawe na mtu wa kuingia.

Msalimie wifi, mapacha, na mjomba fundi saa. Mungu akushikie usukani.

Dada yako akupendaye,
Mama Bendera